Ng'ombe Aliyejua Kengele

Mwalimu Mkuu Khisa alikuwa mtu wa kukaribisha wageni mpaka mgeni anaona haya. Inspekta Agneta Wanyonyi hajakaa vizuri kwenye kiti, chai imefika, mkate umefika, mayai ya kuchemsha yamefika, na chupa ya pili ya chai imesimama pembeni kama askari wa akiba. Agneta akaitazama ile meza. Amekuja kuuliza habari za mtoto aliyeumizwa, na hapa ameandaliwa kama mtu aliyeleta posa.

"Kula, Inspekta. Barabara za Kitale zinamaliza mtu."

"Nimetoka hapo stesheni tu, Mwalimu. Hata vumbi halijanijua."

Mwalimu akacheka kicheko chake cha kanisani, kile kinachoanza polepole kifuani na kuishia kwenye meno. Konstebo Kipkemboi, dereva, alikuwa ameshamaliza yai la pili. Yeye hakuwa na shaka na mayai.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Shule hii ya bweni, Nuru Ndogo, iko nyuma ya Kibomet, ina maua langoni na ukuta mrefu. Joan, msichana wa darasa la sita, aliondoka katikati ya muhula. Shule ikasema ana homa ya matumbo, amepelekwa kwa nyanya yake Bungoma. Watu wakaamini, maana homa ya matumbo haina adabu, humpata yeyote. Halafu siku moja Bi Chelagat, matroni wa bweni, akaingia stesheni amejifunga leso mbili kama mtu anayekwenda vitani. Akasema mtoto hakuwa na homa yoyote. Mtoto alikuwa akilia, hataki kuguswa, na alimwambia maneno machache tu: kwamba mtu mzima wa hapo shuleni amemfanyia mabaya, na kwamba hata akitaja jina hakuna atakayemwamini.

Agneta hajafungua faili, Mwalimu Mkuu akafika stesheni mwenyewe na pikapu. Amemleta mlinzi wa lango, mzee Wekoye wa Kipsongo, mtaa wa mabanda, pamoja na sweta ya Joan iliyookotwa kibandani mwake. Wekoye akaingia selo. OCS, mkubwa wa stesheni, akafurahi sana. Si kila siku kesi inajileta yenyewe, tena imebeba sweta.

Aliyekosa furaha ni Agneta. Mlinzi wa Kipsongo! Mtu kama huyo ukimsingizia hata kwamba ameiba mvua, nusu ya Kitale watasema walimwona akiibeba. Sasa mtoto angeogopa kutoaminiwa kwa sababu gani?

"Naomba nitembee kidogo nione shule," akasema.

"Shule ni yako, Inspekta."

Wakatoka. Uani wasichana wa kwaya walikuwa wanapiga pasi sketi zao juu ya madawati, pasi ya makaa inazunguka kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Hakuna aliyekuwa akiimba. Mwalimu akapanua mikono kama anawabariki.

"Leo jioni tunaenda Kachibora, kwa tamasha la nyimbo. Tunalala huko mpaka Jumapili."

"Matroni anaenda nao?"

"Lori imejaa. Nitawaangalia mimi mwenyewe."

"Mwenyewe," Agneta akasema.

"Mimi kwao ni baba."

Nyuma ya jikoni kulikuwa na zizi la saruji, safi kuliko nyumba za watu wengi. Ng'ombe wa gredi wawili walikuwa wanakula, weusi wenye mabaka meupe. Kijana mmoja wa viatu vya gambuti alikuwa anawamwagia maji sakafuni. Huyo ni Mukhisa, mwalimu wa kilimo. Agneta akahesabu kwa macho. Ng'ombe wawili, vihori vitatu. Na kile kihori cha tatu ukingo wake ulikuwa unang'aa, bado unakumbuka shingo.

"Huyu mwingine yuko wapi?"

"Ah, huyo tulimpoteza," Mwalimu Khisa akatikisa kichwa kwa huzuni ya heshima. "Ugonjwa wa ndigana. Tulimzika hapo chini karibu na mto."

Kipkemboi, mtoto wa wafugaji wa Cherangany, akashindwa kujizuia. "Mlizika ng'ombe mzima, Mwalimu? Na watu wa Kibomet wote wako macho?"

"Daktari wa mifugo alikataza asiliwe."

"Hata mguu mmoja?"

"Konstebo," Agneta akasema, "wacha marehemu apumzike."

Wakati huo kengele ikapigwa. Ilikuwa ni ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na anayeipiga alikuwa na nguvu. Ng'ombe wote wawili wakaacha majani yakining'inia midomoni, wakageuka, wakaenda kusimama kwenye nguzo za kukamuliwa, kila mmoja kwenye yake, mkia upande wa ukuta. Wakangoja.

Mwalimu Mkuu akatabasamu kwa fahari. "Hawa wanajua kengele kuliko walimu wangu. Nimewafundisha tangu wakiwa ndama. Kengele ikilia, nguzoni."

Msichana mmoja akaja na jagi, akasimama mbali akitazama chini.

"Na huyu?"

"Zamu ya maziwa. Wasichana wananiletea nyumbani kwangu kwa zamu. Tunawafundisha kazi, Inspekta, si kusoma tu."

Mwalimu alipoitwa kwenye simu ofisini, Agneta akabaki nyuma, akamsogelea yule kijana wa gambuti.

"Pole kwa yule ng'ombe wenu wa tatu, Mwalimu Mukhisa."

"Ah, si pole, madam. Tuliuza tu. Kwa mtu wa Moi's Bridge."

Kisha akaona uso wa Kipkemboi. Masikio yakamwiva. Akarudi kwenye mpira wa maji akaanza kuosha mahali alipokuwa ameshaosha.

Ndani ya Land Rover Kipkemboi hakungoja hata injini ishike. "Mmoja anazika, mwingine anauza! Afande, ni huyo Mukhisa. Umeona vile masikio yameiva? Ng'ombe ni zake, maziwa ni zake, zamu ni yake."

"Nimeona masikio. Maziwa yanapelekwa nyumba gani?"

Kipkemboi akabadilisha gia.

Stesheni, Agneta alikwenda moja kwa moja selo. Mzee Wekoye alikuwa amekaa kwenye pembe, amekumbatia magoti, hana koti na asubuhi ya Kitale mwezi wa Julai haina huruma.

"Mzee, sweta ya mtoto ilifikaje kwako?"

"Niliwaambia siku ile, wakanipiga kofi. Mtoto alikuja langoni alfajiri, ameloa mvua, anatetemeka. Nikampa koti langu. Sweta yake ilikuwa maji matupu, nikaianika kwa moto. Akapelekwa Bungoma na koti langu, mimi nikabaki na sweta yake. Sasa ona hesabu ya dunia."

"Alikuwa ametoka upande gani?"

Wekoye akatazama mlango, akatazama ukuta.

"Mzee."

"Mimi nililetwa pale kulinda lango. Mwalimu aliniambia siku ya kwanza, Wekoye, wewe angalia barabara. Usiangalie nyumba za walimu. Basi nikaangalia barabara. Macho yangu, madam, yamekaa barabarani mpaka yameota nyasi."

"Ng'ombe wa tatu alikufa lini?"

"Alikufa?" Mzee akashangaa kwa dhati. "Mimi najua wakati mmoja nilipewa ruhusa niende nyumbani Kipsongo siku mbili nzima. Bure bure! Mwalimu Khisa hajawahi kunipa hata nusu siku ya matanga. Nikirudi, kuna ng'ombe wawili. Nani anauliza?"

OCS alikuwa ukumbini, ameshika faili ya Wekoye kwapani kama gazeti alilomaliza kusoma.

"Agneta, bado unazunguka? Jumatatu huyu anaenda kortini."

"Afande, naomba ile safari ya Kachibora isimamishwe."

"Kwa sababu gani? Mtuhumiwa yuko ndani."

"Na kama siye?"

"Niletee neno la mtoto mwenyewe, na jina. Bila hiyo, nikimgusa mwalimu mkuu wa shule, kesho nitakuwa naongoza punda Lodwar, na wewe utakuwa umeshika mkia wake. Lori linaondoka jioni. Si uko na gari?"

Alikuwa na gari. Wakapita Kiminini, wakapita Kimilili, wakashika barabara ya Chwele, Kipkemboi anakanyaga mafuta na Agneta anashikilia mlango ambao komeo lake lilikufa tangu serikali iliyopita. Nyumba ya nyanya yake Joan haikuwa mbali na mji wa Bungoma, imepakana na shule ya msingi ya kijiji, ua wa michongoma katikati.

Nyanya mwenyewe, Kukhu Nakhungu, alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua maharagwe. Mama mfupi, mkavu, macho kama ya kuku anayejua mwewe yuko wapi.

"Mulembe, Kukhu," Agneta akamsalimu kwa Kibukusu.

"Mulembe, mayi. Mmekuja kunishika ama kunywa maziwa?"

"Tuanze na maziwa."

"Hiyo ni tabia nzuri. Wengine huanza na pingu." Akamimina vikombe vitatu, kimoja chake, vimejaa mpaka ukingoni.

"Joan yuko wapi, Kukhu?"

"Ameenda mtoni."

Jikoni moshi ulikuwa unatoka, na mlangoni pake kulikuwa na patipati ndogo za rangi ya waridi. Agneta akaziona, akaziacha pale pale. Akageukia migombani. Ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe alikuwa anakula maganda, kiwele kimejaa.

"Una ng'ombe mzuri."

"Wa mwanangu. Alinunua Kimilili sokoni, zamani."

"Anaitwa nani?"

Mkono wa Kukhu ukasimama ndani ya maharagwe. "Anaitwa ng'ombe."

Agneta akanywa maziwa taratibu. Yeye mwenyewe alizaliwa Kanduyi, hapo hapo Bungoma. Hajawahi kuona mama wa Bungoma anakaa na ng'ombe zamani bila kumpa jina. Wengine humpa ng'ombe jina kabla ya mume.

Ndipo kengele ya shule ya jirani ikalia ng'ambo ya michongoma.

Ng'ombe akaacha maganda. Akainua kichwa, akageuka, akapita katikati yao wote bila salamu, akaenda kusimama kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, mkia upande wa ukuta wa nyumba. Akangoja.

Kipkemboi akaweka kikombe chini polepole sana.

"Kukhu," Agneta akasema, "huyu ng'ombe amesoma."

Kukhu Nakhungu akamtazama ng'ombe kama mgeni aliyejamba kanisani. "Mpumbavu huyu! Kila kengele, hivyo hivyo. Nimempiga, nimemtukana, nimemwombea. Anasimama tu pale kama karani."

"Alisomea Kitale."

Maharagwe machache yakadondoka kwenye ungo. Kisha Kukhu akajifuta mikono kwa leso, na utani wote ukamtoka usoni.

"Mayi, mimi si mtu mbaya."

"Sijasema."

"Wanangu walikaa na wazee. Wakasema mtoto akipelekwa kortini ataulizwa mambo mbele ya wanaume, watu watamnyooshea kidole, kesho nani atamwoa? Wakasema wa upande ule wametuma neno, wanataka yaishe nyumbani. Ng'ombe apokewe, mambo yafunikwe. Nikasema sawa, lakini kwa desturi ya ukoo wangu."

"Desturi gani?"

"Kamba." Akanyoosha kiganja. "Kwetu, ng'ombe wa kosa hapokewi kutoka kwa mtu wa kutumwa. Mwenye kosa anakuja na miguu yake, anaweka kamba mkononi mwa mwenye mtoto, anasema kwa mdomo wake, hii ni ya mkono wangu. Mtu mwingine akimshikia, kosa haliondoki. Linarudi naye nyumbani, linalala na watoto wake."

Agneta akainama mbele. "Na huyu alikuja na nani?"

"Kwanza alikuja kijana na pikapu, amevaa gambuti. Nikamwuliza, ni wewe? Akasema hapana Kukhu, mimi nimetumwa, mimi ni mwalimu wa shamba. Nikamwambia rudi na ng'ombe wako. Aliondoka hapa karibu alie." Kukhu akatema mate pembeni. "Kesho yake akaja mwenyewe. Koti la kijivu, tai shingoni. Akashika kamba, akaniwekea hapa. Akasema maneno."

"Alisema hii ni ya mkono wangu?"

"Mbele ya wanangu wawili na mzee wa kijiji. Khisa, mwalimu mkubwa."

Kipkemboi akapiga mluzi. "Kukhu, mtu ana digrii, ana shule, anakuja kukubali kosa sababu ya kamba?"

"Mama yake alizaliwa ukoo wetu. Kwani digrii imembadilisha damu? Korti anaweza kuidanganya, na kanisa anaweza kulidanganya. Lakini hiyo ya kamba alikuwa anaogopa. Mikono ilikuwa inatoka jasho, kamba ikalowa."

Kwa hivyo Mukhisa alikuwa mjumbe tu, mjumbe mwoga. Agneta akasimama. Alikuwa na jina, lakini jina limetoka kwa nyanya, na OCS ametaka neno la mtoto. Jua lilikuwa limeshapita katikati ya mbingu, na Kitale lori lilikuwa linatiwa mafuta.

"Kukhu, mwezi huu Nairobi wamepitisha sheria mpya ya mambo haya. Nimeisoma. Haina mahali pa ng'ombe."

"Mambo yaliisha, mayi. Nikikubali yafunguliwe, wazee watanila mbichi."

"Hayakuisha."

Hiyo haikuwa sauti ya Agneta. Joan alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwembamba, amevaa koti kubwa la mwanamume lililomfika magotini, ijapokuwa jua lilikuwa kali.

"Mwanangu, rudi ndani. Ng'ombe alimaliza maneno."

"Alimaliza ya kwenu." Mtoto aliongea akitazama nguzo. "Mimi ndiye namkamua, Kukhu. Kila asubuhi. Kengele ikilia anaenda kusimama pale, na mimi naona niko kule tena na jagi. Nyinyi mnakunywa tu."

Kukhu Nakhungu akakitazama kikombe chake. Hakukiinua tena.

Agneta hakumkimbilia mtoto. Alichuchumaa pale alipokuwa, ili macho yao yalingane. "Kipkemboi, peleka gari mbali na lango, majirani wameanza kuhesabu magurudumu. Joan, mimi naitwa Agneta. Sitakuuliza mbele ya watu. Tunaweza kukaa jikoni. Unataka nani akae na wewe?"

Joan akafikiri. "Kukhu. Lakini asiseme kitu."

Kukhu akajifunga leso mdomoni, akaikaza kwa fundo nyuma ya kichwa. Wakaingia.

"Niambie vile unakumbuka," Agneta akasema. "Mahali hutaki kusema, ruka. Ukichoka, tunapumzika."

Hakumtajia jina lolote. Hakumuuliza kama ni fulani. Aliandika tu, pole pole, na mahali mtoto aliponyamaza, kalamu nayo ilinyamaza. Aliyoyasema Joan jikoni yamo katika faili ya polisi na hapo ndipo mahali pake. Inatosha kujua kwamba jina lilitoka kwa mdomo wake mwenyewe, na lilikuwa la mwenye koti la kijivu; kwamba mzee Wekoye alimpa koti na hakumgusa hata ukucha; na kwamba mwisho kabisa, wakati Agneta anafunga kalamu, mtoto akaongeza:

"Mimi si wa kwanza wa zamu ya maziwa."

Agneta akasimama. Akampigia simu sajini mmoja mama wa Bungoma wanayejuana, aje awapeleke mtoto na nyanya yake hospitalini, daktari ajaze fomu ya P3 ambayo korti huitaka. Kukhu akafungua leso mdomoni.

"Mimi nitafungwa?"

"Ukisema kortini kama ulivyosema mlangoni, wewe ni shahidi. Na wanao, na mzee wa kijiji."

"Na huyu karani wa kengele?"

"Ni kielelezo. Usimuuze, usimchinje."

"Na maziwa?"

"Maziwa kunyweni. Lakini kumkamua, kamua wewe mwenyewe."

"Nitamkamua," Kukhu akasema. Kisha akamgeukia Joan, akamfunga vifungo vya lile koti kimoja kimoja, kama anaomba msamaha kwa vidole.

Land Rover haikurudi Kitale, iliruka. Walipofika langoni pa Nuru Ndogo jua lilikuwa bado juu ya miti, na lori lilikuwa linanguruma. Wasichana wa kwaya walikuwa wamepanda nyuma, sketi zimenyooka. Mwalimu Khisa alikuwa anafungua mlango wa mbele. Koti la kijivu, tai shingoni. Mukhisa alikuwa anafunga turubai.

"Inspekta! Umekuja kutusindikiza?"

"Nimekuja na habari njema, Mwalimu. Yule ng'ombe wenu aliyezikwa amefufuka. Yuko Bungoma, anakula maganda ya ndizi."

Mwalimu Khisa hakupepesa jicho. Akashusha pumzi, akasogea karibu, sauti ya mtu anayetoa siri ya hisani. "Basi nikwambie ukweli. Sikutaka kumwaibisha mzee Wekoye. Hana kuku, atatoa wapi ng'ombe? Shule ikamlipia. Ilikuwa huruma tu."

"Kwa niaba yake."

"Kwa niaba yake, mbele ya Mungu."

"Na kamba aliishika nani?"

Hapo kope zikapepesa. "Alipeleka Mukhisa."

Turubai likaachwa. "Nilirudishwa, Mwalimu." Mukhisa alikuwa amepauka kama majivu. "Unajua nilirudishwa. Yule mama aliukataa mkono wangu."

"Nyamaza wewe!"

"Sinyamazi. Uliniambia niseme tumeuza. Ukaniambia ni mambo ya Wekoye. Kama ni ya Wekoye, mbona ulienda mwenyewe kesho yake? Si ungempeleka Wekoye?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, mtoto wa darasa la pili angelijibu. Mwalimu Mkuu alimshika Agneta kiwiko, akainamisha kichwa, akaanza kuongea Kibukusu, taratibu, kama wako kwenye kilio cha ndugu. Kwamba wao ni watu wa nyumba moja. Kwamba wazee walikaa, wakakubali, mambo yakaisha.

Agneta akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika nyuma ya lori. "Wazee walikubali. Joan hakuulizwa. Leo ameulizwa." Akatoa pingu. "Geuka, Mwalimu."

"Mbele ya watoto, Inspekta?"

"Hasa mbele ya watoto."

Kipkemboi akampeleka kwenye Land Rover. Bi Chelagat alikuwa ametoka bwenini anakimbia, leso moja imeanguka njiani. Agneta akamwambia maneno mawili matatu, matroni akashika kifua, kisha akashika ufunguo wa bweni uliokuwa shingoni mwake na hakuuachilia tena.

Agneta akaenda nyuma ya lori. Nyuso zote zilimtazama.

"Wasichana, Kachibora hakuna tena. Poleni. Leo mnalala hapa, Bi Chelagat atalala na nyinyi bwenini."

Akangoja kelele. Kwaya nzima imenyimwa safari, imepiga pasi tangu asubuhi, lazima mtu alie, lazima mtu angune. Hakuna aliyenguna. Mmoja tu, karibu na ubao wa nyuma wa lori, alifumba macho na kupumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mtungi.

Agneta akayaona mabega ya wengine nayo yakishuka, moja baada ya jingine.

Msichana mmoja mrefu, Ivy, mwanzishaji wa nyimbo, akashuka ngazi ya lori. Akasimama mbele ya Inspekta, mikono nyuma.

"Madam, Joan amesema?"

"Amesema."

"Mkamwamini?"

"Tumemwamini."

Ivy akatazama Land Rover, akatazama koti la kijivu nyuma ya kioo, akarudisha macho. "Hiyo karatasi mmeandika, ni ya Joan peke yake, ama hata mtu mwingine anaweza?"

"Hata mtu mwingine. Kila mtu na yake."

Ivy akaitikia kwa kichwa. Hakuita mtu, hakugeuka. Alisogea tu kando ya ngazi kuacha njia, na juu ya lori viatu vikaanza kusogea kuelekea ngazini.